Fundi wa Tone Moja

Nilikaribia kuiua kamyoneti ya watu kwa kuinywesha mafuta kupita kiasi, na sababu ni kwamba nilikuwa nimesoma. Mtu asiyesoma angeuliza. Mimi nilikuwa na miaka minne ya sekondari kwa mapadri, cheti chenye muhuri, na kijitabu cha gari kwa Kifaransa, ambamo imeandikwa kwamba asubuhi, kabla ya kuwasha moteri, unachomoa kijiti cha kupimia mafuta, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, unatazama. Nilitazama. Kikavu. Nikamimina lita moja. Kikavu bado. Nikamimina ya pili, na ya tatu nikaimimina kwa huruma, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

Kijitabu hakikusema kwamba kule Fizi, juu mlimani, sisi wenye magari ya kuchoka hatukuegesha kama watu wa Ulaya. Gari letu lilikuwa limepoteza nguvu ya kujiwasha tangu zamani. Basi jioni unalielekeza pua kwenye mteremko, unatia jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi unaondoa jiwe, gari linateremka lenyewe, na moteri inaamka njiani. Usiku kucha mafuta yote yalikuwa yamekimbilia puani, na kijiti kilikuwa kimesimama nyuma, kwenye kona tupu. Hapo ndipo nilipopima.

Katikati ya njia ya kuteremka Baraka tulianza kufuka moshi kama tanuru la matofali. Mafuta yalitoka kila mahali palipokuwa na tundu, na palipokosa tundu yakalitafuta. Nilikuwa nimepakia wachungaji wawili wa ng'ombe kutoka Bibokoboko pamoja na vibuyu vyao vya siagi. Waliteremka kwa adabu, wakanishukuru, wakasema watamalizia kwa miguu kwa kuwa miguu yao haitoi moshi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Fundi mara ya kwanza.

Baraka ilikuwa na mafundi wengi: fundi wa mbao, fundi wa nguo, fundi wa mitumbwi. Hao ulilazimika kuwataja pamoja na kazi yao. Yeye alikuwa Fundi tu, na mtu yeyote kutoka ziwani hadi Fizi alijua unamsema nani. Banda lake la mabati makuukuu lilikuwa nyuma ya ghala la pamba, mahali upepo wa ziwa unapoleta harufu ya ndagala, samaki wadogo wanaoanikwa. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na kaptula ambayo hakuna aliyekumbuka rangi yake ya mwanzo. Aliizunguka kamyoneti mara moja bila kuigusa.

"Ulipima wapi?"

"Fizi, Fundi."

"Pua yake ilikuwa inaangalia wapi?"

"Chini. Ilikuwa inaangalia huku."

"Na mafuta, ulifikiri itabaki juu inakungoja?"

Sikucheka. Nilimshika mkono wenye grisi nikaanza kumlilia, maana kilichokuwa kinaniuma hakikuwa gari. Patroni wangu, mfanyabiashara wa nguo, chumvi na majembe, alikuwa na duka Baraka, ghala Fizi, na duka la tatu Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako hakuna karani aliyewahi kumaliza msimu. Siku aliponikabidhi funguo na kunifanya karani na shofere kwa pamoja, aliniambia, "Gari hili likifia mikononi mwako, utakwenda Misisi kwa miguu, na utakaa huko."

Sasa, mimi ni mtu wa kwetu, hapa hapa Baraka. Sijui kulala kwa watu; hata ule usiku mmoja wa Fizi, ghalani, sikufumba jicho. Naijua mikunjo ya mkeka wangu, naujua mlio wa sufuria ya mama, namjua hata jogoo wa jirani anapodanganya saa. Jirani mwenyewe, Mama Sifa, muuza samaki tuliyetenganishwa naye na ua wa matete, alikuwa akisema kwamba jua likianza tu kushuka, kivuli changu kinanitangulia nyumbani. Kunituma Misisi kulikuwa ni kuning'oa na mizizi.

"Fundi, patroni akijua, mi nimekwisha," nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo baadaye nilijua kuwa hulifanya kwa nadra. Akalala chini ya gari, akatoa mafuta ya ziada chupa kwa chupa, akafuta, akakaza hapa na pale.

"Basi. Sasa nyamaza. Hakuna muntu atajua."

Nikashukuru nikaondoka. Njiani nikakutana na patroni. Kabla hajamaliza kuitikia salamu yangu nilikuwa nimekwisha kumweleza yote, hadi wachungaji na siagi yao. Aliniangalia akasema, "Mara nyingine, Misisi." Kesho yake Fundi alizipata habari. Akanitazama sana, kama mtu anayegeuza chungu akitafuta ufa.

"Kumbe we ni wa hivi," akasema, akarudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. Nilidhani amesahau.

Kitu kilichonivuta kwake kilikuwa majani ya mgomba. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: gari lenye kuvuja halikutengenezwa siku lilipofika. Lililazwa kwanza. Alikata majani mapana, akayaosha ziwani, akayatandika chini ya gari kwa upande wa chini wa jani, ule mweupe-mweupe, akayawekea mawe pembeni. Gari likalala juu yake kama mgonjwa kwenye shuka. Asubuhi lilisukumwa nyuma taratibu, na mwenye gari alilazimika kuwapo. Hakukubali kumwambia mtu ugonjwa wa gari lake. Mtu alisomeshwa.

"Karani, we umesoma kwa bapadri. Basi soma."

Mara ya kwanza nilichuchumaa juu ya lile jani nikaona uchafu tu.

"Iko matone, Fundi."

"Hata mbuzi inaona matone. Ngapi? Rangi gani? Iko wapi?"

Ilinichukua miezi kuujua mwandiko huo. Tone jeusi, jepesi, karibu na mbele: mafuta ya moteri. Tone zito la rangi ya asali, katikati, lisilotaka kutambaa: mafuta ya bwati, pale gia zinapokaa. Alama karibu na gurudumu, isiyo na rangi, inayoliachia jani baka kama limeungua: mafuta ya fureni, yale ya breki, na hilo hakulifanyia mzaha, siku hiyo gari halikuondoka. Maji ya radiatere, yanayopoza moteri, yaliacha duara la kutu likishakauka. Tone lenye mkia lilimaanisha upepo wa njiani umeyasukuma mafuta nyuma, kwa hiyo usitafute tundu juu ya tone, tafuta mbele yake. Nilijifunza Kilatini kwa muda mfupi zaidi, na Kilatini hakikuwahi kunipaka mafuta masikioni.

Kumwaga mafuta ya zamani nako kulikuwa na saa zake. Hakuyatoa moteri ikiwa baridi. "Mafuta ya moto inatoka na uchafu wake," alisema. "Ya baridi inatoka peke yake, uchafu inabaki inacheka." Nililazimika kwanza kuizungusha kamyoneti hadi sokoni na kurudi. Kisha alifungua kizibo cha chini kwa vidole, akiukwepesha mkono kwa wepesi ambao mwili wake haukuwa nao mahali pengine popote, na mafuta yakashuka kwenye karai. Halafu akaenda kula. Mafuta yalipewa muda wa kudondoka mpaka Fundi amalize bukari yake, samaki wake, na kuchokonoa meno. Mteja mwenye haraka aliyeomba afungiwe mapema aliambiwa, "Funga we mwenyewe, mi ningali na njaa."

Mafuta yale meusi hayakutupwa. Watu walikuja kuyaomba wapake nguzo za nyumba ili mchwa wasizile. Lakini chupa moja ya kila gari alibaki nayo. Aliiacha itulie siku tatu, kisha akaiinamisha juani na kutazama kitako chake. Siku moja alinipa ya kwangu. Chini kulikuwa na chembechembe zinazometameta.

"Unaona dhahabu?"

"Naiona, Fundi!"

"Ni beringi yako iko inakufa. Endesha polepole, ao ile Misisi unayoogopa itakukuta humu ndani ya chupa."

Alijua kunichoma.

Nilipenda kumtazama akikata vipande vinavyokaa kati ya chuma na chuma kuzuia mafuta. Hakuwa na vya dukani. Alichukua karatasi ngumu ya sanduku, akaiweka juu ya mdomo wa chuma, akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo, tik tik tik, mpaka chuma chenyewe kikaikata kwa ukingo wake. Mashimo ya kupitishia bulo, zile skrubu nene za kukazia, aliyatoboa kwa kugonga vilevile. Kisha kipande kikalala ndani ya mafuta usiku mmoja. Mahali ambapo chuma huzunguka, karatasi haifai. Hapo alitumia ngozi ya ng'ombe iliyoletwa na wachungaji wa Bibokoboko, na majadiliano yao yalichukua nusu siku. Alitaka ngozi ya shingo.

"Ya mugongo haitoshe?" mchungaji mmoja alimuuliza.

"Mugongo inalala tu. Shingo inageuka siku yote inatafuta majani. Inajua kazi ya kugeuka."

Kama ni kweli au ni maneno, sijui hadi leo. Mafuta hayakupita.

Na mtu huyu, aliyewasemesha watu kana kwamba wote wamechelewa kazini, alikaza bulo kwa upole wa kumfunga mtoto mbeleko. Kidogo hii, kidogo ile ya upande wa pili, anarudi, kidogo tena. Nikimwona mkono hauna nguvu namwambia, "Ongeza, Fundi." Ananijibu, "Kukaza mingi ni hasira. Mi sina hasira na hii bulo, niko nayo na we."

Alikuwa na haki. Siku ya kubadilisha mafuta ya fureni nilikaa ndani, mguu kwenye pedali, yeye chini na chupa na kimpira. Kazi yangu ilikuwa kutii neno moja kwa wakati mmoja, maana mguu ukiachia mapema hewa inaingia.

"Kanyaga!"

Nakanyaga.

"Shika hapo! Usiachie mpaka niseme!"

Nashika. Lakini Mama Sifa akapita na kapu lake, akaniuliza mama ameamkaje, na adabu ni kumgeukia mkubwa anayekusalimu. Nilipogeuka, mguu nao ukageuka. Chini ya gari kukatoka ukelele, kisha uso wa Fundi unaochuruzika mafuta.

"Karani," alisema taratibu, "mama yako anaendelea muzuri?"

"Muzuri, Fundi."

"Mungu asifiwe. Tuanze tena yote."

Uongo hakuujua. Mwalimu mmoja wa dini alinunua pikipiki kuukuu, akaileta mbele ya watu akitaka isifiwe. Fundi akaitazama, akasema ni chuma nzuri ya kufungia mbuzi. Watu waliacha kumwuliza lolote ambalo hawakutaka kulijua. Hata kanisani, pale waumini wanapojibu kwamba wamesamehe, yeye alisikika akisema, "Bado, kesho."

Jambo jingine: hakupanda gari. Aliyaponya yote ya nchi ile na hakuingia hata moja likitembea. Kulijaribu baada ya kazi alimwachia mwenyewe, yeye akabaki barabarani ameinamisha kichwa, akilisikiliza linavyokwenda na linavyorudi. Mazishi ya mbali alikwenda kwa miguu na kufika watu wakitawanyika. Nilimwuliza mara nyingi sababu. Mara moja tu alijibu, bila kuacha kufuta spana.

"Kamyo ilinibeba mara moja, wakati wa vita ya bazungu. Ilinipeleka kazi ya migodi. Nilirudi kwa miguu, na mama yangu walikuwa wamekwisha kumuzika. Inatosha."

Nikamwambia pole. Akaniambia nimpe kitambaa.

Sasa nifike kwenye tone. Baada ya mwaka mmoja mikononi mwake, kamyoneti ilikuwa imepona. Bwati kavu, fureni kavu, ngozi ya shingo imekaa. Lakini bado ililala bandani kwake usiku, na kila asubuhi jani lilikuwa na tone moja, jeusi, mviringo, chini kabisa ya kizibo cha mafuta. Tone moja kwa usiku. Mtu aliyezuia mafuta yote ya wilaya kushindwa na tone moja!

"Fundi, hii nayo."

"Hiyo uache."

"Lakini patroni akiona inavuja atasema ninaiharibu."

"Tone moja haiue mutokari. Uongeze mafuta kidogo siku ya posho, juma likiisha, basi."

Nilimwomba kwa upole, nilimwomba kwa ukali, nilimletea samaki. Kila asubuhi kwa miaka sita nililitazama tone lile nikaiona barabara ya Misisi ndani yake. Nyumbani nilimlalamikia Mama Sifa kupitia ua wa matete, nikisema muzee amechoka, macho yamekwisha, ananiweka hatarini kwa uvivu wake. Patroni alikuja kukagua kila msimu wa pamba unapomalizika, na kila alipofika bandani Fundi alinikabidhi ndoo.

"Enda chota maji ya radiatere. Na usichote pale bamama banafua, itakuwa na sabuni. Pita mbali, kule kwenye matete."

Kwenda na kurudi ilikuwa karibu saa nzima. Nilirudi nikitoka jasho, patroni amekwisha kuondoka, na radiatere, mara mbili niliichungulia, ilikuwa imejaa.

Mwaka wa nne niliamua kujiokoa mwenyewe. Usiku wa kuamkia ukaguzi nilichukua sabuni ya mama, ile ngumu ya mawese, nikaisugua kuzunguka kizibo chote na kuikandamiza kwa kidole mpaka ikajaa. Asubuhi jani lilikuwa safi kama limetoka mgombani. Nikamwita Fundi kwa fahari.

"Soma, Fundi! Hakuna kitu!"

Alilitazama jani, akatazama barabara, akalitazama jani tena. Sijawahi kumwona akikimbia ila siku ile. Aliingia chini ya gari na kisu na spana, nikasikia akikwangua na kuguna, na alipotoka sabuni ya mama ilikuwa kwenye kucha zake na tone lilikuwa limerudi, bichi, likining'inia.

"Ukigusa tena hii kizibo nitakukata kidole."

"We unanitakia Misisi!" nikamfokea. "Unataka nifie kule!"

Alifuta kucha zake kwa kitambaa. Kisha akanipa ndoo.

Kwa wiki nzima sikumsalimu. Nilipita mbele ya banda nikiangalia ziwa kana kwamba limeongezwa jana.

Mwisho wa miaka ile patroni alilifunga duka la Misisi. Karani wa sita alikuwa amelikimbia, na safari hii hakumtafuta wa saba. Wiki ileile Fundi aliniita. Alikuwa amepungua, na alikuwa ameamua kurudi kwao Ubwari. Mtumbwi wake ulikuwa wa siku ya tatu.

"Lete kamyoneti. Mafuta iwe ya moto."

Nilizunguka sokoni, nikarudi. Akamwaga mafuta, akaenda kula, nami nikakaa nikamngoja kwa mara ya mwisho achokonoe meno. Aliporudi alitoa mfukoni kikopo cha tumbaku, ndani yake karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi pete ndogo ya shaba, mpya, inayong'aa. Ni pete ya kuvaliwa na kizibo, ya kuziba. Karatasi ilikuwa imekuwa ya manjano kwenye mikunjo. Akaivua ile ya zamani, iliyolika upande mmoja, akaivisha mpya, akakaza kwa vidole, kisha kwa spana, robo ya mzunguko. Tukalaza gari.

Asubuhi alinionyesha jani kwa kidole. "Soma."

"Hakuna kitu, Fundi."

"Soma tena."

"Hakuna. Ni jani tu." Nikahisi damu inanipanda. "Hii pete ulikuwa nayo tangu wakati gani?"

"Tangu ule mwaka wa kwanza."

"Miaka yote hii iko ndani ya kikopo?"

Alikaa juu ya karai lililopinduliwa. "Patroni alikuwa anakuja kila mwaka na swali moja. 'Hii mutokari iko tayari kwa njia ya Misisi?' Kule kulikuwa kunakosa mutokari na kunakosa karani. Mutokari ikiwa nzima, ingeenda, na we juu yake. Ikikufa, ungeenda kwa miguu. Mi sijue kusema bongo, sijue kudanganya. Nilikuwa ninainua lile jani, ninamuonyesha. 'Bado, patroni, inavuja.' Anaangalia, anasema, 'Basi ibaki hapa karibu, tutaona mwaka ujao.' Ilikuwa kweli. Ilikuwa inavuja."

Nikaliokota lile jani, nikaligeuza, nikalisoma tena. 

Siku ya safari nilimwambia apande, nimfikishe ziwani. Ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Alikataa. Alipakia sanduku lake la vyombo nyuma, akafunga mlango wa nyuma vizuri, akatangulia kwa miguu. Nami nikamfuata na kamyoneti, polepole, nyuma ya ile kaptula isiyo na rangi, na watu wa Baraka wakatoka milangoni kutazama gari likimchunga mzee. Kila baada ya hatua chache aliinamisha kichwa pembeni, akiisikiliza moteri. Ufukweni, kabla ya kuingia mtumbwini, alirudi na kuchungulia chini ya gari. Palikuwa pakavu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepoteza kitu, akapanda mtumbwi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Sifa yote kupitia matete: pete, jani, ndoo za maji, sabuni ya mama. Alikuwa akiparua samaki na hakuacha. Nikamwambia kinachoniuma ni kimoja tu: mbona muzee hakuniambia? Ningekuwa nimemshukuru miaka sita badala ya kumnunia. Ningeinyamazia siri ile kama kaburi.

Mama Sifa aliweka kisu chini.

"Weye? Weye ungelimwambia patroni mbele ya chai yake kupoa. Ile kamyoneti yako ilijua kunyamaza kukushinda."